Kitambi si cheo, wala si umri

Fundi cherehani wa mtaani kwetu alinipa somo ambalo sikuwa nimelipata kwa daktari. Nilimpelekea suruali yangu ya kazini aipanue kiunoni. Aliichukua, akaigeuza ndani nje, akaitazama mishono yake, kisha akanirudishia. "Mzee," akasema, "hii nimekwisha kuiachia mara tatu katika miaka minne. Kitambaa cha kuachia hakipo tena. Sasa ama nikushonee nyingine, ama upungue mwenyewe." Watu waliokuwa barazani wakacheka, nami nikacheka nao. Lakini njiani nilijiuliza: ni nini hasa kilichotokea katika miaka minne hiyo?

Jibu la kwanza lililonijia ni lile ambalo kila mtu wa makamo hulitoa upesi: ni umri. Niliwauliza wenzangu kazini, kwani wengi wao wako katika hali kama yangu. Mmoja akasema kwamba ukoo wao wote ni wanene. Wa pili akasema kuwa ni maisha mazuri. Wa tatu akasema ni baraka za Mwenyezi Mungu. Hakuna hata mmoja wetu aliyeitaja sahani.

Jambo hili si la mzaha, wala si la suruali tu. Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2012 kwa watu wazima wa miaka 25 hadi 64 ulikuta kwamba mmoja katika kila wanne ana shinikizo la damu, na kwamba watu wapatao 9 katika kila 100 wana kisukari. Unene si sababu pekee ya maradhi hayo, lakini ni miongoni mwa sababu kubwa. Sote tunazijua nyumba ambazo mtu aliyekuwa akizilisha ameanguka kwa kiharusi kabla ya kutimiza miaka 55, watoto wakaacha masomo na shamba likauzwa ili kulipia matibabu. Kwa hiyo yafaa tuulize kwa makini: kwa nini watu wazima wa nchi yetu wananenepa?

HESABU YA TAIFA

Kwanza tuelewane kuhusu kipimo. Uzito wa mtu kwa kilo hugawanywa kwa urefu wake kwa mita, ukiwa umezidishwa kwa urefu huo huo. Jibu likifika 25, uzito umezidi. Likifika 30, huo ni unene wa kupindukia. Mtu mwenye urefu wa mita 1.70 anauvuka mpaka wa kwanza akiwa na kilo 72 hivi, na wa pili akikaribia kilo 87.

Kwa kipimo hicho, uchunguzi wa kitaifa wa afya na uzazi ulionyesha kwamba mwaka 2004-05 wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliozidi uzito walikuwa asilimia 18. Mwaka 2010 wakawa asilimia 22. Mwaka 2015-16 wakafika asilimia 28, na wale wa mijini walikuwa karibu mara mbili ya wale wa vijijini. Nasi hatuko peke yetu. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 watu wazima bilioni 2.5 walikuwa na uzito uliozidi, na milioni 890 kati yao walikuwa na unene wa kupindukia.

Sasa tufikiri. Damu ya ukoo haibadiliki katika miaka kumi. Wanawake wa mwaka 2015 walikuwa mabinti, na pengine wadogo, wa wale wa mwaka 2004. Wala umri si jibu, kwa kuwa uchunguzi wote huo uliwapima watu wa rika lile lile. Jambo linalozidi kwa kasi namna hiyo katika taifa zima halitokani na mwili wa mtu mmoja mmoja. Linatokana na yale yaliyobadilika katika maisha yanayouzunguka mwili huo.

UMRI UNASINGIZIWA

Kwa muda mrefu tumeambiwa kwamba mtu akipita miaka 30 mwili wake huanza kuchoma chakula kwa uvivu. Mwaka 2021 watafiti wa nchi nyingi, wakiongozwa na Herman Pontzer wa Marekani, walitoa matokeo ya vipimo vya watu zaidi ya 6,400, tangu watoto wachanga hadi wazee wa miaka 95. Walikuta kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili na misuli ya mtu, matumizi ya nishati hayapungui kati ya miaka 20 na 60. Huanza kushuka baada ya hapo, tena kwa taratibu sana.

Kwa maneno mengine, mtu wa miaka 45 anayesema kuwa umri umemnenepesha anamsingizia asiyekuwepo. Ni kweli kwamba asiyetumia nguvu hupoteza misuli kadiri miaka inavyokwenda, na misuli ikipungua mahitaji ya chakula hupungua. Ni kweli pia kwamba mwanamke anapofikia ukomo wa hedhi mafuta huanza kukaa zaidi tumboni kuliko nyongani. Lakini kilo 12 alizoongeza mtu tangu aliposhika wadhifa wake mpya hazikuletwa na kalenda.

Watafiti hao wana somo jingine, na hili limetoka humu humu nchini. Mwaka 2012 Pontzer na wenzake walitangaza vipimo vya ndugu zetu Wahadzabe, wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya matunda, asali na mizizi karibu na Ziwa Eyasi. Wanaume wao walikuwa wakitembea kilomita 11 hivi kwa siku, na wanawake karibu 6. Mtu angedhani kwamba watu hao wanachoma nishati kupita karani wa Ulaya au Marekani anayeshinda kitini. La hasha! Baada ya kuzingatia ukubwa wa miili yao, matumizi yao ya nishati kwa siku yalikuwa sawasawa na ya watu hao wa mijini. Inaelekea kwamba mwili unaozoea kazi nyingi hubana matumizi yake katika mambo mengine.

Hii haina maana kwamba tuache mazoezi. Mazoezi ni dawa ya moyo, husaidia kuzuia kisukari, hulinda misuli, na humsaidia aliyepungua asirudie unene. Wengi tunakumbuka kwamba mwezi Desemba 2016 Ndugu Samia Suluhu Hassan, ambaye wakati huo alikuwa Makamu wa Rais, alizindua mazoezi ya kila Jumamosi ya pili ya mwezi, na jambo hilo lilikuwa jema. Makosa ni yetu sisi tunaokimbia Jumamosi asubuhi, kisha saa nne tukakaa kwenye supu, chapati tatu na soda kwa kujipongeza. Nusu saa ya kutembea mwendo wa kawaida hutumia nishati inayokaribia ile ya kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia. Mguu hauwezi kulipa madeni yote ya mdomo.

HABA NA HABA

Wahenga walisema kwamba haba na haba hujaza kibaba, nasi tumeutumia usemi huo kuhimiza watu waweke akiba. Mwili nao huweka akiba kwa njia hiyo hiyo. Mtu mzima hanenepi kwa karamu moja ya Idi au ya Krismasi. Hunenepa kwa ziada ndogo ya kila siku, asiyoiona wala kuihesabu.

Tuchukue mfano wa siku moja ya mfanyakazi wa mjini. Anakunywa vikombe 3 vya chai, kila kimoja na vijiko 3 vya sukari. Hivyo ni vijiko 9, au gramu 36 hivi. Mchana anakunywa soda moja ya mililita 300, yenye sukari inayokaribia gramu 30. Hajala bado, naye amekwisha kufika gramu 66. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba, kwa mtu anayehitaji kalori 2,000 kwa siku, sukari ya namna hiyo isizidi gramu 50, na ni afadhali zaidi ikiwa chini ya gramu 25.

Tena sukari inayonywewa ina hila yake. Tumbo haliitambui kama chakula, hivyo mtu hapunguzi wali kwa sababu amekunywa soda. Soda moja ya kila siku ina kalori kama 120. Ikiwa ni ziada juu ya mahitaji ya mwili, hiyo peke yake yatosha kumwongezea mtu kilo kadhaa katika miaka michache. Na mwenye kuacha soda akashika bia asijidanganye, kwani chupa ya mililita 500 ina kalori zinazokaribia 200, wala watu hawanywi moja.

Mafuta nayo yana hesabu yao. Gramu moja ya wanga hutoa kalori 4, na gramu moja ya mafuta hutoa 9. Gramu 100 za viazi vya kuchemsha hutoa kalori zisizofika 90. Viazi hivyo hivyo vikitumbukizwa katika karai vikawa chipsi, gramu 100 hutoa karibu 300. Kiazi hakikubadilika, kilichobadilika ni kile kilichokinywa. Mama zetu walipika kwa kuchemsha, kwa kuchoma na kwa nazi kidogo. Leo kaya nyingi za mijini hazijui kupika mchicha bila ya kuuogesha.

Unga nao umebadilika. Sembe nyeupe imekobolewa makapi na kiini, navyo ndivyo vyenye nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya vitamini. Mlaji wa dona hushiba mapema na hukaa na shibe yake. Mlaji wa sembe, mkate mweupe na maandazi huiona njaa tena kabla ya adhuhuri, naye huitafutia sambusa.

Juu ya hayo vimekuja vyakula vya viwandani vilivyotengenezwa viwe laini, vitamu na vya kulika upesi. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake wa taasisi za taifa za afya za Marekani waliwaweka watu wazima 20 mahali pamoja. Kwa wiki mbili walipewa vyakula vya namna hiyo, na kwa wiki mbili nyingine vyakula vya kawaida visivyosindikwa sana. Sahani zote zilikuwa na sukari, mafuta na nishati sawa, na kila mtu aliruhusiwa kula kiasi apendacho. Katika wiki za vyakula vya viwandani watu hao walikula kalori 500 hivi zaidi kwa siku, wakaongeza karibu kilo moja. Hawakuwa walafi zaidi katika wiki hizo. Chakula chenyewe kiliwapita mbio kabla shibe haijafika.

TULIVYOFIKA HAPA

Wenye umri kama wangu wanaikumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, tulipopanga foleni tangu alfajiri kungoja sukari na mafuta ya kupikia. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayetamani foleni zile zirudi. Lakini tukiri ukweli mmoja: uhaba ulitulinda bila ya kutufundisha. Bidhaa ziliporejea madukani, tulizipokea kama mtu aliyetoka kufunga, na mpaka leo hatujainuka mezani.

Kisha ukaingia UKIMWI. Katika miaka ya 1980 na 1990 wembamba ulipata jina baya. Aliyepungua kilo tatu alinong'onwa mtaani, na aliyenenepa aliambiwa kuwa afya yake imerudi. Ni jambo la huzuni, lakini linaeleweka. Woga ule haujatutoka. Mpaka leo tukikutana na mtu aliyeongeza kilo tunamsifu kwamba amependeza, na aliyepungua tunamuuliza kulikoni.

Lililo baya zaidi ni kwamba tumekigeuza kitambi kuwa nembo ya cheo. Zamani katika vikatuni kitambi kilikuwa alama ya mnyonyaji, bepari mwenye sigara nene mdomoni. Leo kijana akipata kazi nzuri, tumbo lake ndilo cheti chake cha kwanza. Nenda kwenye kikao chochote utazame meza. Saa nne kuna chai, maandazi, sambusa na mayai. Saa saba kuna pilau, kuku wa kukaanga na soda. Saa kumi kuna soda nyingine "za kuagana". Wajumbe wamefika kwa gari, wamekaa kitini saa nane, na wamerudi kwa gari. Na katika vikao hivyo, ndugu msomaji, aghalabu hujadiliwa ustawi wa wananchi.

WASIOSTAHILI LAWAMA

Nisieleweke vibaya. Kuna watu wanaonenepa kwa sababu zisizo mikononi mwao. Tezi ya shingo ikifanya kazi pungufu, uzito huongezeka. Dawa zingine, zikiwamo za jamii ya steroidi, insulini na baadhi ya zile za maradhi ya akili, huongeza uzito. Wanaokesha kazini, kama walinzi, wauguzi na madereva, hupungukiwa na usingizi, na usingizi ukipungua hamu ya kula huzidi. Hata maumbile tuliyorithi hayalingani: sahani moja inaweza kumnenepesha mmoja kuliko mwenzake. Ndiyo maana kumcheka mtu mnene na kumpa majina ni ujinga na ukatili.

Tena ni kosa kudhani kwamba huu ni ugonjwa wa matajiri. Mchuuzi wa mjini mwenye fedha kidogo mfukoni hupata shibe ya rahisi katika chipsi na maandazi, kwa kuwa matunda na samaki vimempanda bei. Atatembea wapi kwa starehe, iwapo njia ya waenda kwa miguu imejaa magari yaliyoegeshwa, na uwanja wa mtaa umekwisha kujengwa? Kumwambia mtu huyo "jitawale" bila ya kumsafishia njia ni kumtwika mzigo na kumfunga mikono.

TUFANYE NINI

Taifa hili limewahi kujifundisha afya. Mwaka 1973 katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Mwaka huo huo iliundwa Taasisi ya Chakula na Lishe. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Adui wa wakati ule alikuwa upungufu na uchafu. Upungufu haujaisha, kwani bado tunao watoto waliodumaa. Lakini amekuja adui wa pili, naye huyo hatujamfundishia wananchi. Redio tunazo nyingi kuliko wakati wowote, na simu zimo mifukoni. Kinachokosekana ni somo lenyewe, kwa lugha nyepesi na kwa hesabu za sahani zetu wenyewe.

Pili, viongozi waanze na meza zao. Kila ofisi, shirika na kamati iamue kwamba katika vikao vyake kutakuwa na maji, matunda na karanga, na kwamba soda na vya kukaanga viwe vya siku ya sherehe. Hili halihitaji bajeti, litaiokoa.

Tatu, halmashauri zirudishe njia za waenda kwa miguu na zilinde viwanja vilivyobaki. Na katika mambo ya kodi tusiogope kujifunza kwa jirani: Afrika Kusini ilianza mwaka 2018 kutoza kodi kulingana na sukari iliyomo katika kinywaji.

Nne, kila mtu ajipime. Asiye na mizani atumie kamba. Jipime urefu kwa kamba, uikate, uikunje katikati, kisha uizungushe kiunoni usawa wa kitovu. Ncha zikikutana, shukuru. Zisipokutana, usingoje kuanguka. Nenda zahanati ukapimwe damu na sukari.

Mimi nilijipima kwa kamba, nazo ncha zilikataa kukutana kwa upana wa vidole vinne. Tangu siku hiyo nakunywa chai kwa kijiko kimoja, soda nimewaachia wageni, na nyumbani tumerudia dona. Sijawa kijana, wala sikutarajia kuwa. Ile suruali sikuitupa. Imetundikwa ukutani karibu na meza ya chakula, na kila Jumapili naijaribu. Juzi kifungo kimeanza kukaribia tundu lake. Mke wangu aliyekuwa akinitetea kwa umri sasa ameikata kamba yake mwenyewe. Laiti kila nyumba, na kila ofisi inayoandaa kikao wiki hii, ingeanza na kamba hiyo kabla ya kuagiza maandazi.